Katapila na Sakafu ya Nduwa

Huku kwetu Kibosho kila mashine inayochimba ni katapila. Iwe ya minyororo au ya matairi, iwe na mkono mrefu wa kuchota au ubapa wa kusukumia udongo, kwetu yote ni katapila tu. Mtu wa mjini akija kutusahihisha tunamsikiliza kwa adabu, halafu tunaendelea na letu. Na neno lenyewe hatuliachi likae bure. Mtoto anayemaliza bakuli tatu za mtori ni katapila. Ng'ombe aliyevunja uzio akafyeka majani ya jirani ni katapila. Kuna na mama mmoja hapa kijijini, kwenye kila sherehe anakula chake na cha aliyekaa naye. Simtaji, mwenyewe anajijua.

Baba yangu naye ni Katapila. Alibatizwa Sirili, lakini ukimuulizia Sirili kuanzia kanisani hadi mtoni watu watakutazama kwanza. Nilikuwa darasa la tatu mashine ya barabara ilipoletwa kuchonga njia ya kwenda kanisani. Ilifanya kazi siku mbili, ya tatu ikazama kwenye tope la bondeni ikafia palepale. Mafundi wakaja, wakaizunguka, wakaondoka. Baba akachukua jembe na sururu akaanzia pale ilipoishia. Wenzake walikuwa wakija na kuondoka, yeye akabaki siku kumi na moja. Jumapili iliyofuata watu wakapita njia hiyo na viatu vyao vya Misa, mmoja akasema, "Katapila ni huyu, lile pale ni bati tu." Jina likashika.

Basi nimekuwa binti Katapila toka siku hiyo. Shuleni niliitwa hivyo, sokoni naitwa hivyo, na siku ya harusi yangu mshereheshaji alitangaza hivyohivyo kwenye kipaza sauti hadi mama mkwe akauliza nimetoka ukoo gani. Mimi nina hamsini na nne sasa na mdomo wangu unajulikana, lakini jina hilo sijawahi kugombana nalo. Nililipenda. Baba alichimba vyoo, misingi ya nyumba, mashimo ya migomba na makaburi ya nusu ya watu waliolala kijijini hapa. Zaidi ya yote alichimba nduwa.

Nduwa ni bwawa letu la mfongo. Mfongo ndio mfereji unaoleta maji kutoka kijito cha juu, na wazee waliuchimba kwa mikono kabla ya mtu yeyote aliye hai kuzaliwa. Lakini maji yake ni membamba. Ukiyaachia yashuke moja kwa moja hayafiki nyumba ya tatu. Ndiyo maana jioni yanaelekezwa kwenye nduwa, yanakusanyika mpaka alfajiri, kisha yanafunguliwa kwa zamu kwenda chini kwenye migomba, mboga na ng'ombe. Bila nduwa, nyumba za chini kiangazi chote ni kubeba ndoo kichwani.

Siri ya nduwa iko kwenye sakafu yake. Chini ya udongo wa kawaida kuna mfinyanzi wa kijivu. Akina bibi waliubeba kwa vikapu kutoka mtoni, na ng'ombe wa ukoo mzima wakaingizwa kuukanyaga hadi ukashikana. Chini ya hapo ni changarawe nyeusi ya mlima, inakunywa maji kama haijawahi kuyaona. Kila mwaka kabla ya kiangazi tulifanya msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, na baba anatangulia shimoni kuondoa tope lililojaa. Alinifundisha nikiwa mdogo. "Sikiliza jembe," aliniambia. "Kwenye tope linanong'ona. Likigonga kijivu linaitika. Likiitika, acha."

Sasa msaragambo umekufa. Vijana wako mjini au wanapandisha watalii mlimani, na wazee migongo imekataa. Nduwa ikajaa tope mwaka baada ya mwaka, ikafika mahali bata anasimama katikati na magoti hayalowi.

Mwaka huu Jovin, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, akaitisha mkutano. Jovin ni mtu mwema, ana haraka tu. Akasema, "Safari hii tunaleta katapila." Watu wote wakageuka kumtazama baba wakacheka. Mmoja akasema, "Katapila si tunalo, linazeeka tu." Baba akacheka pia. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake na nilikisikia kile kicheko, kilikuwa cha meno. Jovin akakiona labda, maana aliongeza haraka, "Meku," ndivyo tunavyomwita mzee, "wewe ndiye utakayesimamia. Kina cha nduwa hakuna anayekijua zaidi yako." Baba akasema sawa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya mashine kijiji kizima kilikuwa pale, hata waliokimbia msaragambo miaka sita. Ililetwa juu ya lori kutoka Shirimatunda, na opereta wake alikuwa kijana anaitwa Valerian, mkazi wa Pasua kule mjini, mwembamba, mpole, amevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alimpa baba shikamoo kabla ya kumsalimu mtu mwingine yeyote. Mimi hapohapo nikampenda.

Nikamwambia, "Mwanangu, katapila lenu zuri."

"Mama, hiki ni kijiko," akasema. "Kinachochota ni kijiko. Kinachosukuma ni tingatinga. Kinacholainisha barabara ni greda. Huku kwenu mmeyabatiza yote jina moja."

"Dubwana lote hili ni kijiko? Sasa huko Pasua sufuria zenu zikoje?"

Akacheka mpaka akashika mlango wa mashine. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, anaangalia meno ya ule mkono. Akauliza, "Ukiwa humo ndani unasikia udongo?"

"Hapana, Mzee. Injini ina kelele. Naona rangi tu, na nitakutazama wewe. Ukinyoosha mkono juu, nasimama. Ukishusha, nashuka."

Wakakubaliana hivyo. Kazi ikaanza saa tatu asubuhi. Jamani, sitasema uongo, ilikuwa inapendeza kutazama. Mkono unashuka, unajaa, unageuka, unamwaga. Ilipofika saa tano tope la miaka sita lilikuwa limelala pembeni kama kichuguu. Kazi hiyo ingekula wanaume arobaini wiki nzima. Watu wakaanza kupiga makofi. Monica, jirani yetu wa chini anayelima kabichi, akapiga vigelegele. Wakaanza kuita, "Katapila! Katapila!" na hakuna aliyemtazama baba walipoita.

Kila baada ya muda Valerian alikuwa anapunguza mwendo, anachungulia dirishani. "Mzee, bado?"

"Bado," baba anamjibu.

Saa saba nikaleta machalari kwenye sufuria, chakula cha wafanyakazi. Nilifika ukingoni wakati ule mkono unapanda. Kwenye baketi, katikati ya tope jeusi, kulikuwa na pande la kijivu, laini, linang'aa pale jino lilipolikata. Niliujua udongo ule kama ninavyojua viganja vyangu. Nikamtazama baba. Alikuwa anautazama.

Valerian akasimamisha mkono hewani akatoa kichwa nje. "Mzee, udongo umebadilika rangi. Niache?"

Baba aliendelea kulitazama lile pande kiasi cha kusali Salamu Maria moja. Halafu akashusha mkono. "Shuka. Bado."

Valerian akashuka. Akachota mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akaanza kwenda upande wa pili, na udongo uliokuja ulikuwa na changarawe. Mimi nimesimama na kifuniko cha sufuria mkononi. Sikusema kitu. Mimi Mektrida, ninayemsema padri akichelewesha Misa, sikusema kitu. Baadaye nikaita kwamba chakula tayari. Kijana akazima mashine, akanawa mikono, nikampakulia. Akala akasifu akaomba kuongezewa, nikamwongezea.

Jioni ile maji yakaelekezwa kwenye nduwa kwa shangwe. Alfajiri Monica akaenda wa kwanza kufungua zamu yake, akakuta tope na chura mmoja. Wakadhani mfongo umeziba juu. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Jovin akakaa ukingoni kutoka alfajiri hadi adhuhuri akitazama maji yanaingia na kuzama mbele ya macho yake. Akaelewa.

Ilikuwa ndiyo kwanza Julai. Mvua za vuli ziko Novemba, zikiamua kuja. Wiki ile ile akina mama wa nyumba za chini wakaanza kushuka mtoni na ndoo, saa nzima kwenda na kurudi mlima. Kabichi za Monica zikalala. Watu wakikasirika wanatafuta mtu, na mtu alikuwa amekwisha kupatikana. Opereta amechimba kwa pupa. Vijana wa mjini hawajui udongo. Jovin akampigia tajiri mwenye mashine akafoka, na tajiri akajibu kwa utulivu kwamba kijiji kikae, kiamue, kimwandikie. Kikisema kosa ni la opereta, opereta hana kazi tangu siku hiyo. Valerian akampigia Jovin kujieleza kwamba mzee ndiye aliyempa ishara. Jovin akamjibu, "Mzee yupi? Katapila? Kijana, usimsingizie mtu aliyeichimba nduwa hii kabla hujazaliwa." Jovin mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa na hasira kwa niaba ya baba. Akaniambia pia kwamba kijana ana mke na mtoto wa mwezi mmoja.

Baba alikuwa hali chakula. Anakoroga mtori, anauacha. Alhamisi nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa panga ambalo tayari lilikuwa kali.

"Baba," nikasema, "uliuona udongo wa kijivu."

Akaendelea kunoa.

"Baba, mimi nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo." Akaliweka panga chini. Ana miaka sabini na nane na mikono yake bado ni mikubwa, sasa ilikuwa imelala juu ya magoti haina la kufanya. "Nilisimama pale, Mektrida, nikaona miaka yangu arobaini imekwisha kabla ya saa sita mchana. Na watu wanapiga makofi. Mimi nimechimba shimo lile mara ngapi, nani aliwahi kunipigia makofi? Walikuwa wakiniambia asante Meku, basi. Kijivu kilipotoka nikasema moyoni, acha litoboe. Litoboe, wajue tofauti. Watasema afadhali Sirili."

"Na yule kijana?"

"Sikumfikiria kijana. Niliiona mashine. Sikumwona mtu ndani yake."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote viwili, na sikujua nianze na kipi. Nikamuuliza, "Utasema?"

"Jumapili nitasema."

Jumapili baada ya Misa ya pili watu wakakusanyika ukingoni mwa nduwa, wanaume upande wa juu, akina mama upande wa migomba. Valerian alikuwa amekuja peke yake. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, kofia ameishika mbele kwa mikono miwili. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," nikaitikia marahaba huku naangalia chini.

Jovin akaeleza. Watu wakaguna. Kisha baba akasimama akiegemea fimbo. Hakuzunguka. Akasema, "Kijana huyu hana kosa. Aliniuliza kama asimame, nikamwambia ashuke. Sakafu niliiona ikikatwa. Nilijua. Nilifanya kwa wivu."

Nilishusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Jirani mmoja akatikisa kichwa akitabasamu. Mwingine akasema, "Unaona utu wa wazee?" Monica akasimama, na macho yake yalikuwa na machozi kabisa. "Meku, acha," akasema. "Tunaujua moyo wako. Unamwonea huruma mtoto wa watu, unataka kubeba msalaba wake. Katapila wetu angeweza kweli kuitoboa nduwa? Nani ataamini?" Na wakaanza kupiga makofi. Kwanza Monica, halafu wote, upande wa juu na upande wa migomba.

Nikamtazama baba. Haya ndiyo makofi aliyoyataka maisha yake yote, na aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Alijaribu tena, "Nawaambia ukweli," wakazidi kumpenda. Siku ile nilielewa jinsi jina linavyofanya kazi. Watu wakishampa mtu jina kubwa, wanaliangalia jina, yeye hawamwangalii tena. Anaweza akasimama mbele yao akapiga kelele, hawamsikii.

Jovin akanyoosha mkono kutuliza watu. "Meku, Mungu akubariki. Lakini haki ni haki, barua itaandikwa." Akafungua daftari. Valerian aliizungusha kofia yake mkononi, akaizungusha tena.

Baba akageuka. Akanitafuta upande wa akina mama mpaka akanipata.

"Mektrida," akasema. "Mama. Waambie."

Kumsema baba yako mbele ya kijiji, tena akiwa hai, tena amesimama na fimbo! Hakuna mtu aliyenifundisha namna ya kufanya hivyo. Nikasimama. Nikasema, "Ni kweli. Udongo ulitoka wa kijivu. Kijana alisimamisha mashine akauliza kama aache. Baba aliuona udongo, akamwambia ashuke. Na Alhamisi alinieleza kwa nini."

Safari hii hakuna aliyetabasamu. Walijua binti hawezi kusimama mbele ya watu kumzulia baba yake jambo kama hilo. Monica alikaa chini polepole akajifunika uso na kanga.

"Aika, mama," baba akaniambia. Ndiyo asante yetu. Akakaa kwenye nyasi, na nikaona mabega yake yameshuka mahali pake kwa mara ya kwanza toka siku ya mashine.

Jovin akalifunga daftari. Akamwendea Valerian akamshika mkono akamwomba radhi, na wazee wengine wawili wakafanya hivyo. Kijana aliitikia vizuri. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Akaja hadi upande wa migomba, akasimama mbele yangu na kofia yake.

"Mama," akasema, hakupandisha sauti. "Kwa hiyo na wewe uliona."

Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelitunza tangu siku ile. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni. Ni jibu zuri, lina heshima, na pale kila mtu angelikubali. Lilifika hadi kwenye meno.

"Niliona," nikasema.

"Ukanipakulia chakula."

"Nikakupakulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Baba pia. Nikasema, "Kwa sababu walikuwa wanakupigia makofi wewe. Na mimi nilitaka utoboe."

Valerian akanitazama kidogo, kisha akavaa kofia yake akaenda kuagana na wazee. Kwa desturi yetu aliyeharibu mfongo anautengeneza kwanza kwa mikono yake ndipo arudishiwe zamu ya maji. Jovin akatangaza kwamba Jumatatu saa moja udongo wa kijivu utaanza kubebwa kutoka mtoni. Akafungua tena daftari, akaandika jina la baba, na chini yake akaandika langu.